Mtaalamu Alivyomshusha Mpanda Ngazi

Ukitaka fundi huyu wa makochi anyamaze, mpe misumari. Mafundi wenzake huiweka ile misumari midogo kwenye kopo. Yeye huijaza mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuigongomea kwenye mbao. Mdomo ukijaa, mtaa mzima unapumzika. Misumari ikiisha tu, ni filamu. Filamu iliyotoka jana, filamu itakayotoka mwezi ujao, filamu ambayo hata wenyewe wanaotaka kuitengeneza bado hawajakubaliana.

Mtaani wanamwita Mtaalamu, na msidhani ni sifa. Jina hilo alibandikwa na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu jamaa akishaona trela tu, anakutabiria mwisho wa filamu, na kila mara anakosea. Tena hakosei kama mimi na wewe. Anakosea kwa kipaji. Ile ya manowari aliapa kwamba muuaji ni mpishi wa melini. Mpishi akawa wa kwanza kuuawa, hata maji hayajachemka. Ile ya wezi wa benki alisema mwishoni kuna harusi, na watu walikwenda wakakuta mazishi.

Lakini kumsikiliza ni raha, huo ndio ukweli. Wapo wanaopeleka kiti kizima kutengenezwa ili wamsikie.

"Hii ya siafu wa chuma inayokuja," atakwambia huku ananyoosha kitambaa juu ya sponji, "trela imeshaonyesha siafu wanatoka ardhini, wanakula daraja, wananaswa na sumaku. Sasa mimi nikalipie nini? Nikasome majina ya waliopika chai?"

"Na ile ya mapenzi huko angani?" kinyozi atamchokoza kutoka kwake, wembe uko kwenye shingo ya mtu.

"Wanabusiana wamevaa kofia za kioo! Si bora wagonganishe sahani?"

Anayoisifu ni ile katuni ya dubu mpishi. Anasema dubu yule anajua kuigiza kwa sababu anajua kukaa kimya, na waigizaji wa siku hizi wanaongea mno. Anayasema hayo mtu ambaye hajafunga mdomo tangu asubuhi.

Kisha ana ushahidi wa kitaalamu. Yeye ndiye anayetengeneza viti vya ukumbi wa sinema, kwa hiyo huwa anajua kilichotokea gizani. Anasema filamu nzuri inakula kiti mbele, kwa kuwa watu wanakaa ukingoni. Filamu mbovu inakula mgongo, maana watu wamelala. Kuna siku alibonyeza sponji la kiti kwa kiganja, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua, akatangaza, "Hii ilichosha kuanzia katikati."

"Na ukikuta sponji limelowa?" kinyozi akamuuliza.

"Hiyo ilikuwa ya kutisha."

Basi huyo ndiye Mtaalamu. Kulikuwa na mtu mmoja tu hapa duniani ambaye Mtaalamu hakuthubutu kubishana naye kuhusu filamu, na mtu huyo alikuwa akilala chumba cha pili nyumbani kwake. Mama mkwe.

Mama huyu alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na ulimi wake ulibaki kazini. Alihamia kwa binti yake macho yalipoanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kufikia mwaka huu alikuwa anaona mwanga, rangi na vivuli vya watu basi. Daktari alisema ni upasuaji mdogo, jicho moja kwanza, halafu la pili. Mama alikubali. Wakampeleka. Mlangoni akasema amesahau leso yake nyumbani, akageuza. Safari ya pili akasema kitanda kinanuka dawa. Hospitali, jamani!

Kwa filamu, mama alikuwa na yake moja, na aliishikilia kama kitambulisho. Mpanda Ngazi. Ni mfululizo unaomhusu mzee wa zimamoto ambaye kila filamu anapanda ngazi ndefu kuliko ya mwaka uliopita, anaokoa watu, anashuka. Ya kwanza mama aliiona na marehemu mumewe, wakiwa wamekaa mstari wa tatu, na tangu hapo hakukosa hata moja.

Mtaalamu alikuwa haivumilii. "Miaka yote mtu anapanda ngazi tu!" alikuwa akisema karakanani. "Huo mji hauna lifti?" Nyumbani, mbele ya mkwe wake, alikuwa mtoto wa kupakatwa. Mama akisema, "Yule mzee ni mwanaume hasa," yeye anaitikia, "Kweli mama," kisha anakwenda kutafuta misumari.

Sasa ikatangazwa ya sita, ya mwisho kabisa. Mtaalamu alitazama trela yake mara moja, akatoka mbele ya karakana na kuhutubia mtaa.

"Safari hii anakufa! Mmeona anavyovua kofia na kumpa yule binti? Mtu akivua kofia kwenye trela, huyo amekwisha. Andikeni!"

"Tukiandika wewe umesema, basi atazaa mapacha," kinyozi akajibu, na barabara nzima ikacheka.

Ila sauti ya Mtaalamu haijui mipaka, na dirisha la mama, lililo nyuma tu ya karakana, lilikuwa wazi. Jioni ile mama alipomaliza kula alimgeukia binti yake, ingawa Mtaalamu alikuwa amekaa pale pale akishika bakuli.

"Mwambie mumeo stelingi hafi."

"Amesikia, mama."

"Mwambie pia hivi. Mimi nitakwenda kuiona hiyo filamu. Mzee yule na umri wake akipanda ngazi akashuka mzima, na mimi nitakwenda kulala kwenye kile kitanda chao kinachonuka. Asiposhuka, msinisumbue tena. Nitakaa na ukungu wangu."

Chumbani mkewe alimfinya mkono mpaka akaruka. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, anajua pa kufinya.

"Umeona? Umeshamuua mtu wake kabla hata ya filamu kutoka!"

"Sasa mimi si huwa nakosea? Tulia basi. Nikisema anakufa, si ndiyo atapona?"

Lilikuwa jambo la busara kuliko yote aliyowahi kusema. Naye mwenyewe, kwa mara ya kwanza, alilala akiomba awe amekosea.

Filamu ilipofika alimpeleka mama onyesho la mchana. Akamkalisha mstari wa tatu, kwenye kiti alichokitengeneza kwa mikono yake, akampa bisi. Filamu yenyewe ilikuwa ya lugha ya kigeni, tafsiri ikipita chini kwa maandishi, na maandishi kwa mama yalikuwa utitiri mweupe. Kwa hiyo Mtaalamu aliinama sikioni mwake na kumsimulia kila kitu.

Na alisimulia kwa uaminifu, nampa haki yake. Mnara unawaka. Magari yanakuja. Mzee ameambiwa arudi nyumbani, umri umekwenda, amekataa. "Mwanaume hasa," mama akanong'ona. "Kweli mama." Anapanda. Amemtoa mtoto, amemtoa mama wa mtoto. Binti yake, ambaye naye ni wa zimamoto, yuko chini ananyoosha mikono. Mzee anavua kofia. Anamrushia.

Mtaalamu akasita.

Kule juu paa lilianza kuinama. Mzee alitazama chini, akasema maneno machache, na maandishi yakapita: Mwambie mama yako ngazi ilikuwa fupi. Kisha moto ukafunga dirisha, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Alikuwa amepatia. Mara ya kwanza tangu azaliwe. Nyuma yake alimsikia kinyozi, ambaye naye alikuja kushuhudia, akisema kwa mshangao, "Yaani huyu bwana!" Hebu fikirini utamu huo. Miaka yote ya kuchekwa, halafu leo, mbele ya mashahidi!

"Ehe?" mama akauliza. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa kiti mpaka uzi unalia. "Yuko wapi? Ameshuka?"

Mtaalamu akamwinamia tena sikioni.

"Anashuka, mama."

"Anashuka?"

"Anashuka polepole. Goti linamsumbua. Sasa amefika chini. Binti yake amemkumbatia."

"Mbona muziki umekuwa wa msiba?"

"Wamechoka, mama. Wamepuliza tarumbeta tangu mwanzo."

Kulia kwao mwanamke mmoja alikuwa anakwikwika, na mstari wa nyuma watu walikuwa wanapenga makamasi.

"Na hawa wanalia nini?"

"Moshi, mama."

"Moshi unatoka kwenye picha?"

"Filamu za siku hizi zinafanya hivyo. Teknolojia kubwa sana." Yeye, ambaye teknolojia ya siku hizi aliitukana kila Jumatatu! Lakini ulimi ulikuwa umeshika kasi, na fundi huyu hajui kuacha kazi nusu. "Sasa amekaa ukingoni mwa barabara. Ameomba chai. Anavua mabuti. Lo! Mama, yananuka, wenzake wote wamerudi nyuma. Mkuu wa kikosi ameziba pua, anampigia saluti kwa mkono wa kushoto."

Mama akaangua kicheko. Ukumbi umeinamisha kichwa, bendera inashushwa nusu mlingoti, na mstari wa tatu kuna bibi anacheka mpaka bisi zinamwagika. Watu wakageuka kuwatazama kwa hasira. Mtaalamu akawaonyesha viganja viwili, kama mtu anayeomba radhi kwa lugha ya mabubu.

Nje, kinyozi alikuwa anamsubiri na macho mekundu na mikono imefunguliwa.

"Mtaalamu! Njoo nikukumbatie! Leo umepa—"

"Amepatia nini?" mama akamkatiza. "Amekosea! Alisema mzee atakufa. Mzee ameshuka, amekunywa chai, amevua na mabuti."

Kinyozi akabaki na mikono hewani. Akamtazama mama, akamtazama rafiki yake aliyekuwa nyuma ya bega la mama akitikisa kichwa taratibu, jasho linamtoka. Kinyozi si mjinga. Uso wake ukaanza kunawiri kidogo kidogo, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

"Kweli kabisa, mama," akasema. "Amekosea. Tena safari hii amekosea vibaya kuliko zote."

"Mwambie."

"Namwambia! Bwana, wewe ni bure kabisa. Stelingi hafi, hata mtoto mdogo anajua!"

Kinyozi akapita kila mlango akigawa habari, na mtaa mzima, ambao ulikuwa umeiona filamu au umesimuliwa, ukajipanga. Wiki ile Mtaalamu hakupumua. Anayepita anauliza, "Mzee hajambo? Amemaliza chai?" Mwingine akamletea buti bovu akitaka atabiri litashonwa au litatupwa. Naye, dirisha la mama likiwa wazi, aliitikia, "Nilikosea, ndugu zangu. Nilikosea," na mdomoni mlikuwa na misumari mingi kuliko kazi iliyokuwepo.

Mama alikwenda hospitali. Leso aliisahau tena nyumbani, na safari hii hakugeuza. Alilala kwenye kitanda kile kile.

Walipomfungua bandeji, aliutazama kwanza ukuta, kisha binti yake, akamshika shavu. Halafu akamgeukia mkwewe.

"Umezeeka lini wewe? Mbona hamkuniambia?"

Furaha ikajaa chumba kile, na Mtaalamu alicheka kuliko wote, hadi mama alipoongeza, "Daktari akiniruhusu, nakwenda kumwona yule mzee tena. Nataka nimwone anavyovua yale mabuti."

Mtaalamu alijitahidi. Alisema filamu imeshaondolewa. Bango lilikuwa bado limening'inia. Alisema viti vimekunjwa vinatengenezwa. Mama akauliza, anavitengeneza nani? Mwishowe akakaa tena mstari wa tatu, na safari hii hakuwa na la kusimulia. Mzee alipovua kofia, Mtaalamu aliinama kukagua mshono wa mkono wa kiti. Aliukagua wakati wa paa, wakati wa moto, wakati wa bendera. Ulikuwa mshono mzuri.

Taa zilipowaka alithubutu kuinua kichwa. Mama alikuwa ameshika leso, anapangusa chini ya lile jicho jipya kwa uangalifu, kama alivyoelekezwa.

"Mama, daktari alikukataza kulia."

"Nani analia?" mama akasema. "Ni moshi. Za siku hizi zinafanya hivyo."

Walirudi kwa miguu, mama ametangulia kidogo, anasoma kwa sauti kila kibao cha duka. Kinyozi alipowaona aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akatoka mlangoni. Hakuweza kujizuia, masikini.

"Ehe mama! Leo umeona mwenyewe. Hebu tuamulie. Mzee alishuka au hakushuka?"

Hata muuza magazeti alishusha gazeti. Mtaalamu alitazama ardhini.

Mama alimtazama kinyozi, kisha akamtazama mkwewe, kwa jicho moja zima na moja lenye ukungu.

"Ameshuka," akasema. "Nimemwona kwa jicho langu jipya. Amekunywa chai, na yale mabuti yananuka kweli. Mkwe wangu huyu hajui filamu. Lakini kutibiwa jicho la pili nitakwenda naye."

Akaingia ndani. Mlangoni akageuka.

"Baba, ile ya siafu wa chuma. Malkia wao anaishaje?"

Mtaalamu alifungua mdomo. Alikuwa na maoni, tena mazito. Aliyakusanya tangu trela ya kwanza, na koo lilimwasha kuyatoa. Kisha akalitazama lile jicho la pili, lililokuwa bado linasubiri kile kitanda, akaingia karakanani, akachota misumari, akajaza mdomo.