Viazi, Masweta na Homa Isiyo na Joto

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Nyasi za uani zimeganda nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Nsimire Bisimwa, mwenye miaka hamsini na mmoja, anatoka jikoni na ndoo ya viazi, anaitua mwisho wa uwanja chini ya kamba ya nguo, na kuchora mshale wa chaki kwenye njia ya saruji inayorudi mlangoni. Kisha anakwenda kusimama getini, barakoa usoni, kipimajoto mkononi, kungoja watoto.

Anatunza watoto wanne nyumbani kwake Blacktown, kitongoji cha Sydney, Australia, wote chini ya miaka mitano. Wazazi wao ni manesi, walezi wa wazee na wapakiaji wa maghala. Ni Agosti 2021, Sydney imefungwa kwa sababu ya Korona, lakini hao hawajafungiwa. Wanaenda kazini, na watoto wanakuja kwa Mama Nsimire.

Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kuwavua nguo. Wazazi wengi wa Kiafrika hapa wanaogopa baridi kuliko wanavyoogopa mbwa. Abigail, msichana wa miaka mitatu, siku ya kwanza aliletwa na masweta matatu, makoti mawili na suruali juu ya suruali. Mwenzake alimgusa tu bega, akaanguka chali, akabaki akirusha miguu kama mende.

"Nilibeba mizigo kwetu Kongo, Bukavu, miaka tisa," anasema Nsimire. "Najua mzigo unafanana aje. Ule haukuwa mtoto, ulikuwa mzigo."

Ndipo alipobuni mchezo wake. Ndoo ni ghala, jikoni ni soko. Kila mtoto anavaa kiroba kidogo mgongoni, anachukua kiazi kimoja, anakimbia hadi jikoni, anapokewa kwa pole nyingi kama mtu mzima aliyetoka kazini, anarudi kuchukua kingine. Hawaingii ndani mpaka ndoo iishe. Inachukua karibu saa nzima, na ikiisha masweta yako kwenye kamba na watoto wanatoa mvuke. Vile viazi ndivyo chakula chao cha mchana. Mtoto aliyekuwa akikataa kula sasa anauliza, kwa Kiingereza, kiazi chake ni kipi.

Mama yake Abigail hakuupenda mchezo huo. Nkatha ni Mkenya kutoka Meru, nesi wa zamu ya usiku, na alisema wazi kwamba mtoto akitolewa nje tena kwenye baridi ile, atamhamisha. Nsimire alimjibu kwa adabu kwamba mtoto anayekaa ndani siku nzima hapati usingizi, wala mama yake hapati. Wakaachana hapo, kila mtu na lake.

Halafu ikaja Jumanne moja mwanzoni mwa mwezi. Nkatha alifika ametoka kazini, macho mekundu. Akamshusha mtoto, na akiwa tayari anarudi kwenye gari akasema kupitia barakoa: "Alikuwa na homa usiku, ndugu yangu ndiye aliyelala naye. Saa hii yuko sawa. Asitoke nje, tafadhali."

Nsimire alisikia neno moja tu. Homa.

Alipima. Kipimajoto kikasema thelathini na sita na nusu. Hakikumtuliza, maana dawa inaweza kushusha joto kwa saa chache. Akampigia Nkatha mara sita. Nkatha alikuwa amezima simu, amelala kama gogo. Nsimire akaipigia ofisi inayomsimamia, na afisa akamwambia afunge mpaka mtoto apimwe na majibu yatoke. Mtoto mmoja akikutwa na Korona, nyumba ingefungwa wiki mbili na wote wangejitenga.

Aliwapigia wazazi mmoja mmoja waje kuchukua watoto. Baba mmoja aliacha mashine ikizunguka. Hakuna aliyemtukana, ila mmoja alimwambia kwamba wiki mbili hawezi kungoja, atatafuta kwingine. Nsimire alielewa maana yake. Kabla ya kazi hii alifunga maboksi katika ghala moja Villawood miaka sita, mpaka mgongo ukagoma. Watoto wakitawanyika, ni kurudi huko.

Saa nane mchana Nkatha aliamka, akawasha simu, akaja mbio. Walisimama mita mbili, geti katikati.

"Mama Nsimire, mimi ni nesi. Mtoto akiwa na joto, nitamleta hapa kweli?"

"Ulisema homa."

"Ndiyo, homa! Kupiga chafya. Makamasi."

"Kwetu hayo ni mafua. Homa ni mtu kuungua mwili, kulala kitandani, kutetemeka."

Nkatha alishika kichwa. Hata hivyo hakukuwa na njia ya mkato, kwani chafya nayo siku hizo ilikuwa ya kupimwa. Mtoto akapelekwa kuchokolewa pua, na mama akazuiwa kuingia wodini mpaka majibu.

Siku mbili Nkatha na binti yake walikaa ndani ya nyumba yao ya vyumba viwili. Jumatano jioni Nsimire alipata simu. Alidhani ni majibu. Alikuwa Nkatha, sauti imechoka: kilo tano za viazi zilikuwa zimehamia kitandani kwake, kimoja kimoja, na Abigail alikuwa anaanza kuvirudisha.

"Anataka nimwambie pole kila akifika," Nkatha alisema. "Nimesema pole mara arobaini. Huyu mtoto unamchosha vipi?"

"Namtoa nje," Nsimire alijibu.

Alhamisi saa tano asubuhi ujumbe ukaingia. Hana Korona. Nsimire anasema alikaa chini sakafuni jikoni, akavua viatu, akacheka peke yake hadi mbwa wa jirani akabweka. Ijumaa wote wanne walirudi, hata wa yule mzazi aliyetaka kuondoka.

Leo getini kuna karatasi aliyoiandika kwa mkono. Haina neno homa. Inauliza: Mwili una joto? Pua inatoa maji? Weka alama.

Nkatha anafika wa mwisho. Anaweka alama ya hapana mara mbili, anapiga magoti na kufungua mwenyewe zipu ya koti la binti yake. Ndani kuna sweta moja tu, na miguuni gambuti mpya.

Nsimire ana mpango kwamba mji ukifunguliwa, atawapeleka kwenye bustani yenye kilima, wapandishe viazi hadi juu, na wazazi wabebe vya kwao. Nkatha ameshaambiwa kwamba yeye atabeba ndoo.

"Nitakuwa nimetoka zamu," analalamika.

"Pole," anasema Abigail kwa Kiswahili, kisha anakimbilia viazi.