Siku Kijito Kilipokuwa Chekundu

Nikiwa na umri wa miaka minane niliogopa kijito kilichopita nyuma ya nyumba zetu, hapa Eastlands. Siku nyingi maji yake yalikuwa ya kijivu. Siku nyingine yalishuka mekundu, yakitoa moshi kidogo. Kukhu, nyanya yetu aliyetoka Bungoma kuja kutulea mama alipofariki, alitukataza hata kuyasogelea.

"Mama wa mto anafua," alisema. "Ukigusa maji yake, utamfuata."

Mimi niliamini. Mdogo wangu Nekesa, wa miaka mitano, aliuliza maswali.

"Anafua nini, Kukhu?"

"Nguo zake za harusi."

"Basi afue na yangu. Hii ya kanisa imechoka."

"Wee! Huo mdomo utakuponza."

Jumamosi moja mchana nilimkuta Nekesa ndani ya maji, yamemfika magotini, gauni lake jeupe mkononi.

"Mwoga wewe, njoo uone! Limekuwa jekundu!"

Kisha akaanza kulia kwamba miguu inamchoma. Alininyooshea mkono, akiniita kwa jina. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, nami nilisimama ukingoni, mikono nimeificha mgongoni, nikipiga mayowe.

Baba, aliyekuwa ametoka kazini mapema, ndiye aliyekuja mbio akamtoa.

"Leteni maji safi! Mengi!" alisema. "Hiyo dawa inakula ngozi!"

Nilielewa baadaye, tena polepole. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kutia nguo rangi, juu kidogo ya kijito. Alijua siku za kumwaga mapipa. Kukhu alijua kwa sababu baba alimwambia.

Vidonda vya Nekesa vilioza, na wiki ya tatu akafariki. Matangani majirani walisema mama wa mto amemchukua. Baba aliinamisha kichwa akawaacha waseme. Tulipomaliza kuzika alirudi kazini.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Kukhu kwa nini alitudanganya.

"Mngeropoka shuleni," alisema. "Baba yenu angefukuzwa. Mngekula nini?"

"Ungesema maji yanaunguza, Kukhu. Basi."

Aliendelea kuchambua kunde. Naye tumeshamzika, baada ya baba, na kaburini niliimba kwa sauti kama wengine. Hasira haikupungua.

Juzi nilipita pale. Maji yalikuwa ya buluu, na watoto walikuwa wakichezea ukingoni. Niliwafokea watoke, nikawaambia hiyo ni dawa ya kiwanda. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo alinijia haraka.

"Mama, taratibu. Bwanangu anafanya kazi pale."

"Hata baba yangu," nilimwambia, nikazidi kupaza sauti.

Wenzangu kanisani huniambia niwasamehe wafu. Kwa baba nimejaribu. Kwa Kukhu bado, na wao wanadhani ni kwa sababu ya uongo. Sivyo. Wakubwa wote huwadanganya watoto. Kinachonichoma ni kwamba siku ile, wakati Nekesa ananiita kwa jina, mimi nilikuwa mtoto mtiifu. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Mungu ananijua: tangu hapo utii wangu nampa yeye peke yake, na hata yeye namuuliza kwanza ni kwa nini.