Kusimama Nyuma ya Mama Mkwe

Mkoa wetu ulikuwa na sifa mbaya huko Nairobi. Tulipenda kuchagua watu wenye midomo, na midomo hiyo haikudumu bungeni: huyu alifungwa, yule akanyimwa ruhusa ya kugombea tena, mwingine akarudi kwao kufuga kuku, ukimsalimia anaangalia kwanza nyuma yako kuna nani. Nilipoolewa, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulikuwa tumeshazoea kuwa na mbunge ambaye hakuna aliyekumbuka kumpigia kura. Tulimwita Mheshimiwa na kupungia gari lake mikono. Likishapita, watu walitema mate.

Halafu tukatangaziwa kwamba katika mchujo wa chama mambo ya karatasi ya siri basi. Wanachama wa chama wangepanga foleni mchana kweupe, kila mtu nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea wake. Mlolongo. Niliposikia hayo kwenye redio nilicheka. Mume wangu hakucheka. Alikuwa na mashine ya kusaga unga sokoni kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Pap Onditi, na leseni yake ilipita mezani kwa chifu kila mwaka. Watoto wetu wanne walikula na kusoma kwa mashine hiyo, hatukuwa na kingine.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, chifu alikuja akasimama mlangoni pa mashine. Hakubeba mahindi. Alingoja injini izimwe, kisha akasema kwa upole, na ni upole huo ulionitia baridi, "Bwana, siku hiyo kutakuwa na daftari. Kila mtu ataandikwa pale amesimama. Mimi sitaki kuona jina yako kwa ile laini ingine." Akachota unga kwa kidole, akaulamba, akaenda zake.

Mume wangu alimtaka yule mgombea mwingine. Hata mimi nilimtaka, sitadanganya. Lakini nilimwambia, "Baba watoto, simama pale unapoambiwa. Moyo wako uuache hapa nyumbani, utaukuta ukirudi." Nilimsihi siku tatu. Siku ya nne akakubali, amekunja uso kama aliyemezeshwa kwinini.

Ningeliachia hapo! Lakini mimi nikishika jambo sijui kuliacha. Nilivuka mto hadi kwa mama yangu, nikamwomba naye aje asimame kwenye laini ya Mheshimiwa, ili ionekane kwamba ukoo wetu mzima uko upande mmoja. Mama hakumpenda Mheshimiwa hata chembe. Lakini akasema, "Kama ni kwa ajili ya mkwe wangu, nitakuja." Nikarudi nyumbani najiona mwerevu kweli.

Siku hiyo lori la polisi lilikuwa limeegeshwa kando ya uwanja wa shule tangu alfajiri. Wanaume wawili tusiowajua, ati wametoka Kisumu, walikaa kwenye benchi la hoteli na chai yao hawakuigusa. Watu walisalimiana kwa macho tu. Laini ya yule mwingine ilizunguka ua, ikatoka langoni, ikafika barabarani. Yetu haikufika hata mlango wa darasa la pili. Nilikuwa karibu na mbele, naona aibu mpaka masikio yanawaka, lakini nikajiambia kwamba aibu haitafunga mashine yetu.

Mama alifika kama saa nne, amechoka, akajiunga mkiani. Dakika chache baadaye nikamwona mume wangu akiingia langoni, bado ana unga mikononi. Alikuja moja kwa moja kuelekea kwetu. Mara akasimama. Nikatazama alipokuwa akitazama. Loo! Mtu wa mwisho kwenye laini yetu alikuwa mama.

Kwetu mwanamume hamkaribii maro wake, yaani mama mkwe. Hali naye, hampi mkono, na wakikutana njiani mmoja hupinda akapitia shambani. Na pale uwanjani watu walikuwa wamebanwa, kifua cha huyu mgongoni kwa yule, kwa sababu karani alikuwa akihesabu kwa kugusa bega. Mimi, Mjaluo niliyelelewa na mama huyo huyo kwa heshima hizo hizo, nilikuwa nimepanga kila kitu na hilo moja nikalisahau. Nilisahau kabisa.

Mume wangu alijitenga pembeni, akingoja mtu yeyote aje aingie kati yao. Hakuna aliyekuja. Nilimpungia mkono, "Ingia!" Akatikisa kichwa. Nikatoka ili nikajiweke katikati yao mimi mwenyewe, askari akaniinulia rungu. "Wee mama! Rudi kwa laini!" Nikarudi. Mama hakugeuka hata mara moja, hakujua ni nani aliye nyuma yake. Askari mwingine akamfikia mume wangu. "Na wewe mzee unangoja nini?" Akamsukuma kwenye laini iliyokuwa karibu naye, na ilikuwa ile nyingine. Filimbi ikalia. Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kusogea, na karani akapita na daftari lake akiandika.

Jioni walitangaza kwamba Mheshimiwa ameshinda, tena kwa zaidi ya asilimia sabini, na kwa kanuni yao aliyefika hapo amepita moja kwa moja, hakuna haja ya kwenda kwenye kura ya sanduku. Ile laini iliyofika barabarani ilisikiliza kimya. Askari walikuwa wengi, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Nilielewa hapo kwamba hawakutuita kuhesabu kura. Walitaka majina.

Kesho yake mume wangu alikwenda kwa chifu kujieleza. Chifu naye ni Mjaluo, ana mama mkwe, alimsikiliza mpaka mwisho. "Hata mimi singesimama hapo," alimwambia. "Ungenipata huko huko ulikuwa. Lakini daftari ilienda jana na wale watu wa Kisumu, na haina mahali ya kuandika maro." Mwezi haukuisha, mlango wa mashine ukafungwa kwa mnyororo. Mume wangu akaenda Usenge, mbali huko ufukweni mwa ziwa, kuwabebea wanunuzi magunia ya omena, wale dagaa wakavu, akawa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningelala vizuri zaidi.

Mama alipouliza mbona mashine hailii, nilimwambia spea hazipatikani. Niliendelea kumwambia hivyo miaka yote.

Vyama vingi viliporudi, na sanduku la siri likarudi navyo, nilimpeleka kupiga kura nikiwa nimemshika mkono, kwani macho yake yalikuwa yamefifia. Mlangoni alinivuta kando.

"Safari hii nisimame wapi?" akaniuliza. "Ile siku nilisimama vizuri, siyo? Nilimsaidia mkwe wangu?"

"Ulisimama vizuri, Mama," nikamwambia. "Ulitusaidia sana."