Vyombo vya Kumshinda Mdogo Wangu

Nilianza kugawa vyombo vyangu kwa sababu ya wivu. Nalisema hili mapema, maana majirani zangu wa mtaa wa Kasuku wanaamini nilifanya vile kwa ajili ya dini, na wapo wanaonitaja kama mfano. Dini ninayo, lakini siku ile haikuhusika. Nilitaka mama yangu ahame kwa mdogo wangu aje akae kwangu.

Mama anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa mdogo wangu, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Nyumba yao ina kitanda cha mama, mkeka, sufuria mbili, beseni moja na kamba ya kutundikia nguo. Akitaka kutwanga, mdogo wangu anaazima kinu kwa jirani, na jirani anakuja pamoja na kinu chake, anakaa mpaka chakula kiive. Wageni wakizidi watatu wanakula kwa zamu, na wanacheka kana kwamba kula kwa zamu ni mchezo. Mimi nina vyumba vinne, mume, watoto na msichana wa kazi. Mara ya mwisho mama alipokuja kukaa kwangu, wiki mbili hazikuisha akaomba arudishwe.

"Niko nasikia joto, mutoto wangu," alisema. "Hizi vitu zinanipumulia."

Iliniuma sana. Mimi ndiye mkubwa. Mzazi akizeeka hukaa kwa mkubwa, hasa mkubwa mwenye nyumba ya bati na milango inayofungika. Watu waliponiuliza mama yuko wapi, nilijibu kwamba amekwenda kumtembelea mdogo wangu, na matembezi hayo yalikuwa yamefika mwaka wa sita.

Kuhusu vitu vyenyewe, vilianza na vita. Mji ulipofungwa, treni haiji na njia ya mashambani haipitiki, mama naye amekwama huko, mimi na mdogo wangu tulibaki na kikwembe kimoja kizima cha kujifunga kiunoni. Leo akikivaa yeye kwenda kutafuta mihogo na sombe, majani yake, mimi nilibaki ndani nimejifunga kipande cha pazia, kesho zamu yangu. Siku moja alichelewa, na jirani yetu aliyetulea kama mama mdogo akazikwa siku hiyohiyo. Niliwasikia watu wakipita na maiti mbele ya mlango wetu. Nilisimama nyuma ya ubao wa mlango nimeshika pazia langu, nikashindwa kutoka. Mdogo wangu aliporudi sikumsemesha mpaka asubuhi, ingawa kosa halikuwa lake, na niliapa kwamba Mungu akinivusha sitakosa tena kitu ndani ya nyumba.

Akanivusha. Treni iliporudi nilinunua. Vikwembe vilijaa masanduku matatu, vingi havijawahi kugusa sindano. Nilikuwa na sahani za maua za wageni ambao hawakuja, termosi saba za chai, mabeseni yaliyopandana mpaka karibu na dari. Akiba haiozi, nilikuwa nasema, hata siku nilipokuta panya amezaa ndani ya bunda la vikwembe nisilowahi kulifungua.

Mdogo wangu alitoka katika vita ileile na kikwembe kilekile, akajifunza kwamba kimoja kinatosha. Hili ndilo lililokuwa likinikera kuliko yote. Kama angekuwa mvivu ningemhurumia na tungepatana. Lakini anauza mawese sokoni, anapata chake, anakula, kinachobaki anampa mtu, kisha analala usingizi kama mtoto mchanga. Kila avukaye kutoka Alunguli ananiambia, "Mudogo wako ni muntu, kweli." Sijawahi kusikia kwamba kuna aliyemwambia yeye hivyo kuhusu mimi.

Basi nikawaza. Kama mama anataka nyumba tupu, nitampa nyumba tupu. Na vyombo vitakwenda wapi? Kwa mdogo wangu. Nitamjazia mpaka mama akose pa kupitisha mguu, joto limpate huko, avuke mwenyewe. Nilicheka peke yangu jikoni hadi msichana wa kazi akachungulia. Mdogo wangu asingeweza kukataa, maana mdogo hakatai kitu cha mkubwa wake.

Pikipiki zilikwenda na kurudi mpaka mtoni, na mtumbwi ukavuka mara mbili. Mdogo wangu alitukuta ufukweni, akaangalia mzigo, akaniangalia mimi dada yake mkubwa, Yaya kama anavyoniita.

"Yaya, hizi zote ni zangu?"

"Zako."

"Aksanti, Yaya. Mungu akuongezee."

Kuongezewa ndiko kulikonifikisha pale, lakini niliitika amina. Mume wangu aliporudi jioni aliuliza kama wezi wameingia.

Nikasubiri mama aanze kulalamika. Wiki haikuisha, nikiwa sokoni, mwanamke nisiyemjua akanipita na beseni langu la bluu kichwani. Nilimfuata hatua chache nikidhani nimekosea, lakini nililijua kwa kidoa chake cha ukingoni. Nilipouliza nikaambiwa yote. Sahani za maua zilikuwa zimepewa msichana aliyeolewa bila kitu. Termosi zilikwenda kwenye matanga, moja moja, na hazikudaiwa. Vikwembe walifungiwa wanawake waliojifungua. Mdogo wangu alikuwa amebakiza kijiko kikubwa kimoja, kwa sababu chake kilivunjika. Ng'ambo nzima ilikuwa ikimwombea dua. Kutoa ni moyo, si utajiri, walimwambia. Moyo wake, utajiri wangu.

Niseme haki hata hivyo. Nyumba yangu ilikuwa imepata hewa. Kufagia kulikuwa kazi ya dakika chache, na usiku sikusikia tena panya. Nikajiambia kwamba hila imeshindwa lakini chambo bado kipo, nikamwalika mama.

Alikuja na kifuko chake kimoja. Alipita chumba hadi chumba akigusa kuta. "Sasa inapendeza," alisema, akaketi mkekani, na jioni tukala wote katika sinia moja. Siku ya pili alilala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwangu. Niliona nimemshinda mdogo wangu, na nakiri nilifurahi kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu.

Siku ya tatu alikuwa akichambua mchele nikamwambia, "Mama, bakia hapa. Nilitosha vitu yote mu nyumba juu ya wewe ukae."

Hakuinua macho. "Vile vyombo ulimupatia mudogo wako, ulikuwa unavitumia?"

"Apana, Mama."

"Mimi, yeye ananitumia kila siku. Chumvi, mimi ndo naonja. Akitoka soko na mugongo unamuuma, mimi ndo namukanda. Akiwa na hasira, ananikasirikia mimi, hana mwingine." Akatupa jiwe dogo mlangoni. "Ulimupatia vyote hautumie. Sasa unakuja kukamata kile kimoja yeye anatumia."

Hakusema kwa ukali. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi namhitaji, nikatafuta kazi moja tu ambayo mama angeifanya humu ndani na isingefanywa na mwingine. Sikuipata. Hata ule mchele alikuwa ameuchukua kwa nguvu mkononi mwa msichana wa kazi, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia mara mbili auache, apumzike.

Asubuhi nilimsindikiza mtoni. Alishika bega langu akapanda mtumbwi kwa uangalifu, kifuko mapajani. Kwa macho yangu ng'ambo kulikuwa na watu wadogo wadogo tu, huwezi kumjua huyu wala yule. Mtumbwi ulikuwa haujaondoka upande wangu, na mkono wake mmoja bado uko begani pangu, alipoanza kumpungia mdogo wangu kwa ule mwingine.