Mbio za Kusalimia

Nilianza kukimbia mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwalimu kijana mwenye kitambi cha mtu wa miaka hamsini. Baba, dereva wa lori aliyestaafu, alinipa sharti moja tu. Isiolo ya wakati ule, mtu mzima akionekana anatimua mbio alfajiri, basi mifugo imeibwa au kuna maiti mahali.

"Kimbia polepole, na salimia kila mtu," alisema. "Wajue ni amani."

Nilimtii karibu mwaka mzima. Baada ya swala nilivaa raba zangu, nikatoka mtaani kwetu Kiwanjani hadi uwanja wa ndege na kurudi. Salaam aleikum kwa huyu, habari ya asubuhi kwa yule mama Mmeru wa viazi. Nasimama, naulizwa mvua na ng'ombe, naendelea. Sikuchoka, na sikukosa hata siku moja.

Kisha nikanunua saa ya kuhesabu sekunde, akili ikanihama. Nikabandika ratiba ukutani: Jumatatu mbio ndefu, Jumanne mbio kali. Salamu zikawa za kunichelewesha. Nikaanza kupunga mkono tu, halafu hata huo mkono nikauona mzigo.

Asubuhi moja ya kiangazi kikali, akina mama walikuwa wamepanga mitungi bombani. Wakaniita, "Mwalimu! Kuna nini huko?" Mimi huyo, macho mbele, kimya. Sikugeuka, kwa hiyo sikuona walivyotawanyika, kila mmoja akiwakimbilia watoto wake. Wala sikuona kwamba Mama alikuwa kwenye ile foleni.

Nilikuwa mlangoni nahema alipofika, ndara mguu mmoja, buibui limejaa vumbi, mkono ameukumbatia. Alikuwa ameanguka mtaroni. Maji aliyoyangojea tangu kabla ya adhana yalikuwa yamemwagika yote.

"Nani amekufa?" aliniuliza. "Ni baba yako?"

Nami, Mungu anisamehe, niliangalia saa kwanza.

Mkono wake uliovunjika uliunga ukiwa umepinda. Hakunigombeza, afadhali angenitukana. Niliichana ratiba, nikarudia mwendo wa Baba, na ndio ninaoukimbia mpaka leo. Miaka yote aliyobakiza Mama duniani, kila nilipofunga kamba za viatu, aliniita kutoka jikoni, "Leo utasalimia?"

"Nitasalimia, Mama."

Aliitikia vizuri tu. Lakini hakwenda tena bombani mpaka anione nimerudi.