Ya Tano Nimpe Nini?

Binti yangu wa pili aliolewa na miaka kumi na saba, na kabla mwaka haujesha tukawa waja wazito sote wawili, mimi nimeshavuka arubaini. Majirani wa Madungu hawakuninyamazia. "Mama na mwana, nani atamkanda mwenziwe?" Nilicheka nao, lakini haya niliziona, hata kliniki nikenda nimejigubika kanga. Nesi alitutazama macho, akasema huyu kaanza mapema, wewe umechelewa, na wote damu haba, kuleni vizuri. Tule nini? Mkwe wangu kijana mdogo, mvuvi wa Wambaa. Samaki wa maana wanauzwa, nyumbani wanaingia dagaa.

Wangu alizaliwa maiti. Mtoto wa kike, mzuri, kucha zake zimetimia. Tukamzika, na maziwa yakaja vilevile, yakajaa mpaka yakauma. Nikajifunga kanga kifuani nikalia.

Sijatoka uzazini, binti yangu akashikwa na kifafa cha mimba. Mtoto wake akatolewa kabla ya miezi kutimia, mwanamume, mdogo, ngozi imemkunjana. Mama yake yuko kitandani hajitambui. Daktari akatwambia kitoto hiki kitapona kwa maziwa ya mama. Nikaanza kufungua kanga.

"Ngoja!" Mamake mkwe wangu akanishika mkono. "Akinyonya kwako atakuwa mwanao. Na yule mjukuu wako wa kike, wa binti yako mkubwa, si tulishasema huyu akizaliwa mwanamume ndiye mkewe? Atakuwa mjomba wake wa kunyonya, haramu kwake!"

Kweli tulisema. Kwetu watoto wa ndugu huoana, na maneno hayo tuliyapanga kwa furaha, tumbo lingali changa.

"Basi mnyonyeshe mara nne tu," akasema, sauti imemshuka. "Kisharia, ya tano ndiyo inayoharamisha."

Wallahi damu ilinipanda. "Na ya tano nimpe nini? Maji ya pwani? Hebu awe hai kwanza, mke atamtafuta baadaye!"

Nikampakata. Alikuwa mwepesi mno, akivuta kidogo analala, nampapasa shavu anavuta tena. Nilimkumbuka wangu, machozi yakawa yanamdondokea kichwani. Mimi sikuhesabu kitu. Aliyehesabu ni yule bibi yake mwingine, amekaa kwenye mkeka wodini na tasbihi mkononi, kila mtoto akinyonya anasogeza punje moja.

Kesho yake asubuhi, punje ya nne imeshasogea, akatoka bila ya kuaga. Nikajua kaenda kumwita mwanawe aje anizuie. Mtoto akaanza kulia, kilio chembamba, nami nikamweka tu kifuani.

Akarudi peke yake, kachukua chupa ya chai. Ndani mna uji wa pilipili manga, ule anaopewa mzazi maziwa yashuke. Akanimiminia kikombe.

"Kunywa, mwenzangu," akasema. "Hii ndiyo ya tano. Yasije yakakatika."