Turubai la Mpunga na Deni la Taifa

Majina ya wanaume wale wanne nayajua yote, na ya baba zao, na ya mama waliowazaa. Siyaandiki kwa sababu bado tunaombana chumvi.

Ilikuwa hapa Ubaruku, mvua za mwisho hazijaamua kuondoka. Mpunga wangu nilikuwa nimeuanika uwanjani juu ya turubai, siku ya mwisho kabla ya kuupeleka mashineni. Mpunga huo ulikuwa na safari. Mjukuu wangu ameolewa Iringa mjini, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, nami nilishatuma neno kwa wakwe: nakuja na mchele, si wa dukani, wa shamba langu, punje nzima nzima. Nilijitapa, ndiyo. Sasa ukishajitapa kwa wakwe, unakwenda na nini kingine?

Wingu likasimama upande wa milimani. Nikaita wanaume. Turubai lenye mpunga hubebwa na watu wanne, kila mmoja na pembe yake, wananyanyua kwa pamoja. Akaja mwanangu mkubwa, kofia ya chama tawala kichwani kama amezaliwa nayo, na jirani wa chama hicho hicho. Akaja mkwe wangu, mume wa binti yangu, mpinzani hata akiwa usingizini, na rafiki yake. Wakashika, wakanyanyua. Kibaraza cha kuuwahisha usilowe kiko pale pale.

"Serikali ingenunua maturubai badala ya magari ya wakubwa, tungekuwa mbali," mkwe akasema.

Basi. Wakasimama.

"Shemeji, barabara ya lami huioni? Imejengwa kwa maombi?"

"Imejengwa kwa mkopo! Na atakayelipa nani, wewe?"

"Nchi gani haikopi? Nitajie moja! Rais anakopa anajenga. Nyie mngekopa mngekula."

"Kukopa ndiyo uongozi? Hata mlevi anakopa."

"Mlevi nani? Rudia. Mlevi nani?"

Na mpunga uko katikati yao, unaning'inia kama mgonjwa kwenye machela. Tone la kwanza likanipiga mkononi.

"Mwambie shemeji yako atembee!" nikampigia kelele mwanangu. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawasogeleani. Heshima inataka kila mmoja ampishe mwenzake. Miaka yote nimemsemesha kupitia watu. Mwanangu hata hakusikia, alikuwa anatetea reli.

Mvua ikashuka. Heshima nikaisahau. Nikaenda moja kwa moja kwenye pembe ya mkwe, nikanyoosha mikono niishike mwenyewe. Aliponiona nimemkaribia vile, akafanya alichofundishwa na mama yake: akaachia, akarudi nyuma, macho chini.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mpunga wote topeni.

Jamani! Nilivyokuwa napiga kelele za mvua hakunisikia, nilivyokuja kumsaidia ndipo akaniheshimu!

Tuliuzoa, tukauosha, tukauanika upya. Lakini mpunga uliokauka ukalowa ukakaushwa tena, umekwisha huo. Mashineni ulitoka chenga tupu, vipande vya kupikia vitumbua na kulishia kuku. Mwanangu akasema ni kosa la wapinzani. Mkwe akamtuma binti yangu aje aniambie serikali haijajenga maghala.

Nikaenda Iringa na chenga zangu. Mama mkwe wa mjukuu wangu alifungua mfuko, akatia mkono, akanitazama, akaufunga taratibu.

"Uji wa mzazi utakuwa laini," akasema. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sebuleni wanaume walikuwa wamempakata mtoto. "Huyu naye," baba mkwe akasema, "kazaliwa juzi tu, tayari anadaiwa deni la taifa."

"Anadaiwa nini, kaka?" mdogo wake akaruka. "Rais anamjengea shule, wewe unasema anadaiwa!"

"Shule gani? Nioneshe!"

Mtoto yuko katikati yao, baba mkwe kamshika kwa mkono mmoja, mwingine unahutubia. Nilimchukua mapajani pake, nikaenda naye jikoni, mlango nikausukuma kwa kisigino.

Mpunga wameniangushia. Huyu hapana.